Tairi kwa Mikono Mitupu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Ukitaja baiskeli mbele ya vijana wa leo, wengi watacheka kidogo kisha wakuonyeshe pikipiki. Huku kwetu Ukambani pikipiki zimejaa katika kila njia panda, nami sina ugomvi nazo. Lakini pikipiki hunywa petroli, na petroli haichotwi mtoni. Baiskeli hunywa uji wa mwenyewe tu. Ndiyo maana katika vijiji vya kusini mwa Kitui, na vilevile ng'ambo ya mto Athi upande wa Makueni, bado utaiona ile baiskeli nyeusi ya chuma kizito tuiitayo Black Mamba, imebeba mitungi minne ya maji ya lita ishirini kila mmoja, na mwenyewe anaisukuma mchangani huku kijasho chembamba kikimtiririka.

Adui wa baiskeli kwetu ni mwiba. Hapa si Limuru wala Kisii ambako majani hufunika ardhi kama zulia. Hapa kuna migunga ya kila aina. Kuna ile yenye miiba mirefu myeupe, iliyonyooka kama sindano ya daktari, na kuna muthiia, ambao miiba yake ni mifupi na imepinda kama kucha za paka. Kisha kuna mbigiri. Huo hauoti juu ya mti bali hutambaa chini, na mbegu yake ina ujanja wa shetani: iangukapo vyovyote iangukavyo, mwiba mmoja hutazama juu. Barabara ya Kibwezi–Mutomo–Kitui ilipotiwa lami tulidhani pancha zimetuaga. Wapi! Lami nayo ina mwiba wake, yaani vile vijiwaya vyembamba kama unywele vinavyotoka katika matairi ya malori yaliyopasuka. Kijiwaya hicho hakionekani kwa jicho. Kinaingia polepole, na unagundua jioni kwamba umekuwa ukiendesha rimu.

Baiskeli ya kwetu ni ya babu. Ni nyeusi mahali ambapo kutu haijafika. Asubuhi za siku za shule ni yangu. Jioni na Jumamosi ni ya maji. Kutoka nyumbani hadi shuleni ni kilomita nane, na kwa kuwa shule yetu ni ya kutwa, hizo nane ni za kwenda tu. Kwa miguu ningelazimika kushika tariki saa kumi na moja kasorobo, giza la kutia kidole jichoni. Nilipoingia Kidato cha Kwanza mama aliniambia waziwazi, "Baiskeli ikitembea, utasoma. Ikilala, mimi sitakuachia giza lile peke yako. Utakaa hapa hadi tupate njia nyingine." Hakuwa ananitisha. Kuna mambo ambayo mama wa msichana huyafikiria usiku nasi tumelala. Na hiyo njia nyingine haikuwepo: bweni lina karo yake, na pikipiki ya kila siku ingemaliza mbuzi wote kabla ya Agosti.

Basi usinione ati ninashabikia kupaka mikono mafuta. Kwangu mimi tairi lile la nyuma lilikuwa ndiyo shule yenyewe.

Muhula wa kwanza nilikuwa nikipeleka pancha kwa fundi mmoja sokoni. Shilingi hamsini kila mara. Fundi huyo alikuwa na kifaa kimoja tu, bisibisi ndefu, na kwa bisibisi hiyo alifanya kila kazi chini ya jua: kukaza, kulegeza, kutoa tairi, kurudisha tairi, hata kukwaruza mgongo. Tatizo la bisibisi ni kwamba haina macho. Ikiingia kati ya tairi na rimu, inaibana tyubu humo ndani na kuitoboa. Siku moja nilimpelekea tundu moja, nikarudi nyumbani na matatu. Mawili yalikuwa yamekaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka. Babu aliitazama tyubu ile, akaigeuza, akauliza, "Hiki kitu kiliumwa na nani?" Nikamweleza. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Kuanzia leo baiskeli yangu haiguswi na chuma. Lete karai la maji, uje ukae hapa."

Sasa nikujuze kuhusu huyu babu. Zamani alikuwa mchuuzi. Alikuwa akitoka Ikutha na magunia ya mbaazi na vyondo vilivyosukwa na nyanya, anavuka mto Athi, anatokea Kibwezi kwenye reli na barabara ya Mombasa. Hizo zilikuwa enzi ambapo Makueni ilikuwa bado imo ndani ya Wilaya ya Machakos, kabla ya kufanywa wilaya peke yake mwaka 1992. Njiani hapakuwa na fundi, na anasema mfuko wa spana uliibwa siku za mwanzo kabisa, asinunue mwingine. Alijifunza kufanya yote kwa vidole. Lakini vidole hivyo leo vimepinda kwa ugonjwa wa viungo, na kikombe cha chai hukishika kwa mikono miwili. Kwa hiyo alinifundisha kwa mdomo. Alikaa kwenye kigoda, fimbo mkononi, akinielekeza kwa ncha ya fimbo. Nami nilikuwa vidole vyake.

Jambo la kwanza ni kujua kwamba gurudumu halihitaji kutolewa kwenye baiskeli. Wengi hukwama hapo hapo, eti hawana spana ya kufungua nati za ekseli. Za nini? Geuza baiskeli, isimame kwa usukani na kiti, tairi litazame mbingu. Valvu za baiskeli zetu ni zile za kizamani, zenye kipete kidogo chenye mikwaruzo ambacho hufunguka kwa vidole viwili. Kifungue, chomoa kijiti cha ndani chenye kijimpira chake chembamba, na upepo wote utatoka kwa mkupuo. Kijiti hicho kitie mfukoni au mdomoni. Usikiweke mchangani hata kwa dakika moja, maana chembe moja ya mchanga kwenye kile kijimpira ni pancha nyingine ya bure.

Jambo la pili ndilo siri yote, nami nitalieleza polepole. Ukingo wa tairi, ambao babu huuita mdomo wa tairi, una waya wa chuma ndani yake. Waya huo haurefuki. Hata uvute hadi mishipa ya shingo itokeze, hautarefuka. Mtu asiyejua hili hupigana na tairi kama mwanamiereka, kisha hukimbilia bisibisi. Lakini itazame rimu: si bapa. Katikati ina bonde, mle vinamopita vichwa vya spoku, na pande zake mbili zimeinuka kama kuta. Tairi lililojazwa upepo hukaa kando, juu ya bonde. Upepo ukishatoka, unaweza kuubana mdomo wa tairi uteremke hadi ndani ya bonde. Ukiuteremsha upande mmoja wa gurudumu kwa milimita chache, upande wa pili unapata nafasi ya milimita hizo hizo. Waya haujarefuka, umehama tu. Tulipofika kwenye mada ya duara katika Hisabati, wenzangu walilalama kwamba haina kazi maishani. Mimi nilikuwa nacheka moyoni.

Basi unaanza kwa kulibinya tairi kwa dole gumba pande zote mbili, kuzunguka lote, ili mdomo ubanduke kwenye ukuta wa rimu. Tairi kuukuu hugandamana pale kwa kutu na vumbi, na hapo unahitaji subira zaidi ya nguvu. Kisha weka mikono yote miwili upande ulio mkabala na valvu, bana mdomo uingie bondeni, na uisogeze mikono kuelekea kwenye valvu, mmoja kulia mwingine kushoto, ukibana kila shubiri. Unafanya kama mtu anayekamua nguo. Ulegevu wote unakusanyika karibu na valvu. Hapo lishike tairi kwa vidole vinne nyuma, dole gumba mbele, livute kwako huku ukiubiringisha mdomo juu ya ukuta wa rimu. Ukishatoka shubiri moja umemaliza, uliobaki utafuata kwa kupitisha kiganja tu.

Kuna wanaoanzia kunyanyua upande wa mbali na valvu ati wasiiharibu valvu. Babu hukubaliana nao nusu. Valvu ilindwe, sawa. Lakini pale penye valvu bonde limezibwa na kitako cha valvu yenyewe, na mdomo wa tairi hauwezi kuzama hapo hata ukiomba. Kwa hiyo sehemu isiyoweza kuzama ndiyo inyanyuliwe, na zile zinazoweza kuzama zizame. Nimejaribu njia zote mbili. Ya babu hutoka kwa nusu ya jasho.

Kuhusu kutafuta tundu sitakaa sana, kila mtu anajua karai la maji na viputo vyake. Ila kwetu maji ya karai ni maji ya kunywa ng'ombe, na njiani hakuna karai. Basi tyubu itie upepo kidogo, uipitishe taratibu karibu na shavu au mdomo wa juu. Ngozi ya hapo husikia pumzi ambayo masikio hayaisikii. Ukishalipata, pima kwa macho ni wapi kwenye tairi tundu hilo lilikaa (ndiyo faida ya kuiacha valvu mahali pake), kisha pitisha vidole ndani ya tairi, polepole, hadi umkute mwiba mwenyewe. Mwiba mkavu huvunjika, kichwa kikabaki ndani ya mpira. Usipomtoa utaziba tyubu leo na kesho utaiziba tena, na utamlaumu aliyekuuzia kiraka.

Kiraka nacho kina adabu. Kwaruza tyubu kwa msasa au kwa jiwe kavu hadi mng'aro utoke, paka solusheni nyembamba, halafu ngoja. Ngoja hadi ukigusa kwa kidole haishiki. Vijana wengi hubandika ikiwa bado mbichi, kisha wakaona kiraka kinateleza kama kamasi. Haraka haraka haina baraka, na hili halijawahi kuwa kweli kuliko kwenye solusheni.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa. Tyubu itie pumzi mbili tatu tu, ipate umbo isijikunje. Itulize ndani ya tairi. Anza kuingiza mdomo upande ulio mkabala na valvu, ukienda pande zote mbili, na umalizie kwenye valvu. Shubiri ya mwisho itakataa. Hapo ndipo shetani hukunong'onezea bisibisi. Usimsikie. Rudi upande uliokwisha kuingia, ubane tena mdomo bondeni kote, ndipo urejee na kuisukuma shubiri ile kwa tako la kiganja, si kwa vidole. Itaingia na mlio mdogo, "tup." Kisha isukume valvu juu kidogo na kuirudisha ili isiubane mpira, zunguka ukichungulia kama kuna tyubu iliyotokeza kati ya tairi na rimu, ndipo uweke kijiti na kupiga pampu.

Nilipojua haya nilianza kujiuliza nani aliyeyavumbua. Maktaba ya shule ilinisaidia kiasi. Tairi la upepo lilitengenezwa na John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo kutoka Scotland aliyeishi Belfast, kwa ajili ya baiskeli ndogo ya magurudumu matatu ya mwanawe. Alilisajili mwaka 1888. Lilikuwa laini na la kasi, lakini liligundishwa kwenye rimu kwa gundi. Mwaka 1889 mwendesha baiskeli mmoja alifika na pancha ya tairi hilo katika karakana ya ndugu wawili Wafaransa, Édouard na André Michelin, mjini Clermont-Ferrand. Kulibandua na kuliziba kulichukua saa tatu, na gundi ikabidi ilale usiku kucha ikikauka. Hebu fikiria: pancha moja, siku moja ya shule. Ndugu hao wakaunda tairi linalotoka, na mwaka 1891 Charles Terront akashinda mbio za Paris–Brest–Paris akiwa nalo. Naye Mwingereza Charles Kingston Welch alikuwa amekwisha kusajili mwaka 1890 tairi lenye waya mdomoni pamoja na rimu yenye bonde. Yaani lile bonde ambalo babu alilijua kwa vidole katikati ya pori la Athi lilikuwa limefikiriwa na mtu akiwa mezani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Nilipomsomea babu, alisema, "Huyo Welch alikuwa na akili. Lakini angetuwekea na mpira usiotobolewa na muthiia."

Katika Chama chetu cha Kiswahili tuliwahi kujadiliana majina ya sehemu hizi. Gurudumu, usukani, mnyororo, kengele, hayo hayana matata. Wengine walitaka tuache "pancha", "tyubu" na "spoku" tutafute maneno matamu zaidi. Mimi nilipinga, na bado napinga. Lugha iliyoipokea "shule" na "meza" haitakufa kwa "pancha". Ukienda kwa fundi na kumwambia mpira wako wa ndani umepatwa na mtoboko, atakutazama tu akusubiri umalize. Neno tulilolikosa kweli lilikuwa la ule ukingo wenye waya, na hapo nikawapa la babu: mdomo wa tairi. Limeandikwa katika daftari la chama.

Sasa nikupe kisa cha mwaka jana, maana makala bila kisa ni ugali bila mboga.

Shule za kutwa serikali huzilipia masomo, lakini kuna pesa za chakula cha mchana na nyingine ndogo ndogo, na hizo ndogo ndogo zikikusanyika huwa mlima. Nilikuwa na salio la mihula miwili. Fomu ya basari ilikuwa imejazwa, imepigwa muhuri na naibu wa chifu Alhamisi jioni, na ilitakiwa kufika ofisini Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Mwalimu alinipa ruhusa. Baba yuko Nairobi kwenye kazi za mjengo, mama alikuwa na mdogo wangu mwenye homa. Hapakuwa na mwingine wa kutuma. Nilitia fomu ndani ya mfuko wa plastiki, nikaifunga tumboni chini ya sweta, nikaondoka saa moja unusu.

Saa tatu hivi, katikati ya kushuka kuelekea mto mkavu, nikasikia "fssss." Nilishuka. Mbele mchanga, nyuma vichaka, jua limekwisha kuanza ukali wake. Kijichupa cha solusheni mfukoni kilikuwa kimekwisha, na duka la karibu lilikuwa mbali kama huko nilikokuwa nikienda. Nilijikaza kisabuni. Niligeuza baiskeli, nikafungua valvu, nikatia kijiti mdomoni.

Wazee wawili waliokuwa wakichota maji kwenye kisima cha mchangani, punda wao kando, walipanda ukingo kunitazama. Mmoja akasema, "We mwiitu, spana yako iko wapi?" Nilikuwa na kijiti mdomoni, nikatikisa kichwa. Akamgeukia mwenzake, "Ati anataka kutoa tairi kwa kucha!" Wakacheka kwa wema. Yule wa pili akanifariji, "Ngoja, kijana wetu atapita jioni na pikipiki, atakubeba." Jioni! Nilikohoa kijiti kwenye kiganja nikasema, "Asante mzee, jioni ofisi itakuwa imefungwa." Nikakirudisha mdomoni.

Mikono yangu iliifanya kazi kama nilivyokueleza, kutoka upande wa mbali hadi kwenye valvu, na tairi likatoka. Kicheko kikakatika. Mwiba ulikuwa wa mgunga mweupe, umeingia hadi kitako. Bila solusheni, kuna njia moja ya wasafiri wa zamani. Unaishika tyubu palipo na tundu, unaivuta itokeze kama chuchu ndogo, tundu likiwa kwenye ncha, kisha unaifunga shingo yake kwa utepe wa tyubu kuukuu, mzunguko juu ya mzunguko, umevutwa hadi mwisho. Utepe huo huwa nimeuzungusha daima kwenye fremu. Yule mzee aliyecheka kwanza ndiye aliyenishikia tyubu huku nikifunga. "Kaza," akaniambia. "Kaza tena." Nikarudisha tairi, nikapiga pampu wala haikujaa sana, kwa sababu fundo halipendi upepo mwingi.

Kutoka pale gurudumu lilikuwa likidunda, du, du, du, kila fundo lilipofika chini. Nilihesabu madundo hadi nikapotelewa na hesabu. Nilifika ofisini saa sita kasorobo. Karani alinitazama mikono, akatazama fomu, ambayo haikuwa na doa hata moja, akaigonga muhuri. Majina yalibandikwa mwezi uliofuata, langu likiwa la kumi na nne. Nusu ya salio ililipwa. Nusu nyingine tuliuza mbuzi mmoja, si wote.

Baada ya hapo wasichana wawili wa Kidato cha Kwanza wanaokuja kwa baiskeli waliniomba niwafundishe, na Jumamosi moja tulikaa chini ya mwembe wetu hadi adhuhuri. Mmoja wao ana mikono midogo kuliko yangu. Alilitoa tairi mara ya tatu. Mvulana mmoja wa Kidato cha Nne, ambaye sitamtaja maana atasoma ukurasa huu, alilivuta kwa nguvu zake zote katikati bila kuuteremsha mdomo bondeni, na tairi halikutikisika.

Hata hivyo kuna tairi ambalo hakuna mkono duniani utakaoliweza, nalo ni lisilo la rimu yako. Mwaka huu tairi letu la nyuma lilianza kuonyesha nyuzi, na mama akanunua jipya sokoni. Muuzaji alimwambia ni ishirini na nane, na kweli lilikuwa limeandikwa 28. Nilihangaika nalo asubuhi nzima. Nililianika juani mpira ulainike, nikapaka maji ya sabuni, nikabana bondeni mara kumi, na mdomo hata haukukaribia ukuta. Babu akaniuliza, "Soma namba ndogo." Nikasoma: 37-622. La zamani, ambalo maandishi yake yamefutika nusu, lilikuwa 40-635. Kumbe kuna ishirini na nane mbili! Ile namba ya mwisho ndiyo kipenyo cha waya kwa milimita, na kati ya 622 na 635 kuna milimita kumi na tatu. Milimita kumi na tatu hazimo katika bonde lolote. Muuzaji alikataa kulirudisha, ati limekwisha kupakwa sabuni, na mama alirudi kimya. Tulimuuzia jirani mwenye baiskeli ya mtindo mpya, kwa hasara ya shilingi mia moja.

La pili limefika juzi kwa matatu kutoka Wote, limetumwa na shangazi. Kabla hata sijalifungua kamba babu aliuliza namba. Nikamsomea, 40-635. Akalichukua magotini, akapitisha kidole kilichopinda kuzunguka mdomo wote, mara moja upande huu, mara moja upande ule, akitafuta mahali waya ulipokunjika. Hakupata. Akasema tulianike Jumamosi hadi saa sita, kisha nianzie upande wa mbali na valvu.